Suti ya Mwalimu Wesonga na Ufunguo wa Juu

Mwalimu Wesonga akifunga shule hufunga na akili. Wengine hubakiza kidogo ya kuwafikisha nyumbani. Yeye hapana.

Alhamisi ile ya kufunga, saa saba mchana, nilimsikia akipanda ngazi za ploti yetu hapa Kware akipiga mbinja, karai kichwani kama taji. Ndani ya karai kulikuwa na suti yake ya pekee, ile ya kijivu anayovaa Jumatatu na siku za wazazi. Suti anaifua kwa sabuni ya unga. Huyo ndiye anafundisha watoto wetu usafi.

"Mama Wanja, niazime kamba moja tu," akasema. "Jioni napanda basi, kesho niko Webuye nakula kuku."

Haikuwa siku yake. Kwetu kila orofa ina siku yake ya kuanika nguo juu ya paa, na mwenye zamu ndiye hukaa na ufunguo wa mlango wa chuma wa kutokea huko. Alhamisi ni ya orofa ya tano, na zamu ilikuwa yangu. Yeye ni wa orofa ya tatu, wanaanika Jumanne. Nilimwachia kamba kwa sababu ni mwalimu wa mwanangu, na pia sikuwa bado nimefungua begi la Wanja nikaona ripoti yake.

Wanja ana miaka sita. Nyumbani anasema "mama", "maji" na "hapana". Shuleni hasemi kitu. Pale ofisini wanapopima watoto kama yeye, dada mmoja aliniambia nilete maandishi ya mwalimu kabla ya Ijumaa jioni, kwa sababu wakifunga wanarudi Januari, na foleni inaanza upya. Nilikuwa nimemwomba Mwalimu Wesonga hayo maandishi mara mbili. Mara zote mbili alijibu, "Usijali, Mama Wanja, nimeshika."

Nikafungua ripoti. Kwa wino wa bluu aliandika: "Mtoto mchangamfu lakini anaongea sana darasani. Apunguze kelele. Likizo njema!" Chini akachora kauso kanacheka.

Nilisoma tena, kidole chini ya maneno, maana mimi niliachia darasa la saba na sipendi kumsingizia mtu. Kisha nikavuka kwa jirani yangu Mirriam, nikaomba ripoti ya kijana wake, Munene. Mchangamfu. Anaongea sana. Apunguze kelele. Hata kale kauso kalikuwa kale kale. Watoto arobaini na mmoja, amewapiga chapa kama mikate.

Nilipanda juu, nikaanua nguo zangu, suti yake nikaiacha inaning'inia. Nikafunga mlango wa chuma, nikaketi kwenye ngazi na Wanja, kikapu cha pegi mapajani mwake.

Saa kumi akaja, kaptura na fulana, taulo shingoni.

"Niaje, Mama Wanja! Fungua basi, gari ni la saa kumi na mbili."

"Soma hii kwanza."

Akasoma mwandiko wake mwenyewe, akacheka. "Si iko poa? Mtoto mchangamfu."

"Anaongea sana?"

"Ah, watoto wote wanaongea sana, mama. Hiyo ni lugha ya ripoti tu."

"Nitajie neno moja Wanja amewahi kukuambia."

Akamwinamia mtoto. "Wanja, salimia mwalimu." Wanja akatazama vidole vyake vya miguu, kisha akampa pegi moja. Mwalimu akaishika, asijue aipeleke wapi.

"Kwani haongei?"

Mirriam alikuwa amesimama mlangoni kwake, akaangua kicheko. "Mwalimu! Hata mimi wa kumwona kwa ngazi najua! Mwaka mzima ulikuwa unafundisha ukuta?"

"Shule imefungwa, jamani," akasema, sauti imeshuka. "Nikirudi Januari nitaandika vizuri."

"Basi na suti ingoje Januari."

Akacheka, akidhani ni utani. Alipoona sisimami, akaacha. Nikampa karatasi na kalamu. Ofisini walisema sahihi na namba ya simu zinatosha, si lazima muhuri wa shule. Akapindua karai lake, akalifanya meza, akaandika: "Wanja ni mtoto mzuri na mtiifu."

"Futa," nikamwambia. "Andika ulichoona."

Akafuta, jasho likimtoka puani. "Mama Wanja, kusema ukweli, sikuona kitu."

Huo ndio ulikuwa ukweli wake wa kwanza mwaka huo.

"Andika hivyo hivyo."

Akaandika polepole, kama mtoto wa chekechea: "Mwaka mzima Wanja hajatamka neno darasani. Mimi mwalimu wake sikutambua. Naomba apimwe." Akatia sahihi na namba. Nilisoma kila herufi, nikaikunja ile karatasi ndani ya kadi ya kliniki ya Wanja, ndipo nikafungua mlango.

Suti ilikuwa imejikunja kama jani la sukuma wiki lililolala juani, suruali bado mbichi kiunoni. Akaikumbatia, akashuka. Hajafika orofa ya tatu, mbinja imerudi.

Wanja akanivuta leso, akanionyesha kamba. Mwalimu alikuwa amesahau soksi moja.

Niliiacha hapo hapo, nikafunga mlango. Kesho mimi na Wanja tuna safari ya ofisini, na ufunguo ni wa orofa ya nne.