Weka Mkono Hapa

Kazini Jicho havai nyekundu. Havai njano wala chungwa. Ana blauzi nne za kijivu, anazizungusha wiki nzima, na mwenye kucheka acheke. Sababu anamweleza kila anayeuliza, na hata asiyeuliza: nguo ikiwa kali, rangi yake inaruka mpaka kwenye skrini, macho yanadanganyika, na unajikuta unamrekebisha mtu asiye na kosa lolote. Kwa hiyo blauzi kijivu, ukuta kijivu, na kompyuta yenyewe ameitengenezea kibanda cha boksi la friji ili mwanga wa dirishani usije ukamvurugia mambo. Wateja wageni hudhani ndani ya lile boksi kuna kuku anaatamia.

Jina la Jicho alipewa na mjomba wake, mwenye studio ya picha, na hakupewa kwa kusifiwa. Mpwa alikuwa amemrudishia mjomba picha za mahafali mara tatu kwa sababu majoho yalikuwa na ubuluu usiokuwepo. "Una jicho la kutafuta ugomvi," mjomba akamwambia, na jina likaganda.

Wako wawili tu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Mjomba anapiga, Jicho anasafisha. Picha ikitoka kwenye kamera wenyewe huiita mbichi: imepooza, haina mvuto, lakini kila kitu kimo, mpaka mkunjo wa shati jeusi gizani. Jicho anaivuta polepole, kivuli kidogo, wekundu kidogo, mpaka mtu afanane na mtu. Halafu kabla hajaifunga humwita mwenye sura. "Weka mkono hapa." Mteja anaingiza mkono ndani ya boksi, pembeni ya uso wake mwenyewe kwenye skrini. Mkono na uso visipopatana, Jicho anaanza upya, hata kama nje kuna foleni.

Sasa, Mwalimu Mkuu aliingia asubuhi moja na gauni la rangi ya chungwa, la chungwa lililoiva hasa. Mwalimu Mkuu si mteja wa kuchezea. Shule yake ndiyo iliyokuwa ikiiweka hai ile studio: picha za vitambulisho, za madarasa, za mahafali, mwaka hadi mwaka. Mara hii alikuja kama shangazi wa bwana harusi, na nyuma yake alikuja bibi harusi, binti mrefu, mweusi tii, aliyekaa kwenye ncha ya benchi kama anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Jicho. "Naomba usogee nyuma kidogo. Gauni lako linapiga kwenye skrini."

Mwalimu Mkuu, ambaye kwa miaka ishirini amewaambia wenzake wasogee, alisogea. Hakupendezwa. Mjomba alijifanya anafuta lenzi.

Jicho akaifungua picha aliyoimaliza, bibi harusi peke yake mlangoni, mwanga umemwangukia upande mmoja wa uso. Hapo binti alionekana hasa. Ngozi ilikuwa na ule mng'ao wa ndani ambao weusi wa namna ile unao, na vazi jeupe lilikuwa jeupe bila kumpigia kelele.

"Mbona mmemwacha hivi?" Mwalimu Mkuu aliuliza. "Mng'arisheni. Hii itatundikwa sebuleni kwa kaka yangu. Wageni watasema tumeoa usiku."

Jicho hakumjibu yeye. Alimgeukia yule binti. "Mdogo wangu, weka mkono hapa."

Binti aliinuka, akauweka. Mkono na uso vilikuwa kitu kimoja. Aliutazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi."

"Ndiyo maana inabidi irekebishwe," alisema Mwalimu Mkuu.

Yaani mtu anasema neno kama hilo, mwenye uso amesimama palepale, halafu anafungua mkoba kutafuta leso! Binti aliutoa mkono kwenye boksi, akarudi kwenye benchi, mkono mapajani. Jicho aliona, akamgeukia Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, taa nikirekebisha ni halali yangu. Kivuli, halali yangu. Mtu sirekebishi. Huyu hajaharibika."

"Hata kidogo tu?"

"Hata chembe."

Mwalimu Mkuu alifunga mkoba. Alizungumza na mjomba, na mjomba peke yake. Picha azipate kesho zikiwa zimeng'arishwa, la sivyo na za shule atatafuta pengine pa kuzipeleka. Akashuka ngazi, na binti akamfuata bila kugeuka nyuma.

Mjomba alingoja mlango wa chini ufungwe.

"Mtoto wa dada yangu, unataka kuniua?"

"Hapana, Mjomba."

"Ni kubonyeza mara moja! Rangi ya kung'arisha uliiweka wewe mwenyewe kwenye kompyuta, ukaipa na jina. Asali. Bonyeza Asali, wote wang'ae, tule."

"Niliifuta Asali zamani."

"Basi itengeneze upya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Livunjike tu. Kazi yangu ni ya kukaa."

Mjomba alipiga meza. "Basi usikae kwenye kiti changu! Ukishindwa kufanya anachotaka mteja, niachie kiti, nitakaa mwenyewe."

Jicho akasimama. Miaka tisa kwenye kiti kile, na kazi nyingine hakuwa nayo. Alichukua mkoba wake, akatoka mpaka mlangoni, akarudi. Hakurudi kuomba radhi. Ukutani, juu ya kaunta, palikuwa na picha kubwa ya mama yake, marehemu dada yake mjomba, anacheka akiwa na ufagio mkononi. Jicho aliishusha akaiegemeza kwenye meza mbele ya mjomba wake.

"Mjomba, weka mkono hapa."

"Acha mchezo."

"Watu walikuwa wanasema nyinyi wawili mlipakwa kwa brashi moja. Weka."

Mjomba alishusha pumzi, akaweka mkono wake pembeni ya uso wa dada yake, ili mradi yaishe. Kisha akauangalia. Mkono ulikuwa mweusi wa kahawia nzito. Uso wa pale kwenye picha ulikuwa wa manjano, laini, kama wa mwanamke wa kwenye sabuni.

"Hakuwa hivi," alisema.

"Hakuwa hivi. Hiyo ndiyo Asali. Nilikuwa najifunza, nikaona nimempendezesha. Mwenyewe alipoiona alicheka, akaniuliza, huyu mama wa nani? Diski ilikuwa imejaa, nikaifuta mbichi nibaki na iliyosafishwa. Mwaka uliofuata akafa. Picha zake nyingine zote ni za vitambulisho, nyeusi na nyeupe."

"Irudishe basi. Punguza."

"Nimejaribu miaka saba. Nikipunguza anakuwa wa majivu. Kilichotupwa kimetupwa, Mjomba."

Mjomba hakuuondoa mkono. "Naitazama kila asubuhi nikifungua," alisema. "Ndivyo nilivyokuwa namkumbuka. Dada yangu wa tumbo moja, nikamsahau huku namtazama."

Chini, muuza magodoro akaanza kuvuta mzigo wake sakafuni.

Ndipo mjomba akachukua simu. "Mwalimu, shikamoo. Picha zitakuwa tayari keshokutwa. Hapana, hatuzing'arishi. Bibi harusi ni yuleyule mliyemuoa." Alisikiliza kwa muda, akasema sawa, akaikata.

"Shule imekwenda," alisema.

"Nimesikia."

"Kaa. Zimebaki picha mia mbili za harusi hii."

Jicho akakaa. Mjomba alisimama nyuma yake na shati lake jekundu, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alisogea bila kuambiwa.

Siku ya tatu bibi harusi alikuja peke yake kuchukua picha. Mjomba alimpa bahasha. Jicho akamwongezea flashi ndogo ya kompyuta iliyofungwa kwa karatasi.

"Hizi ni mbichi, kama zilivyotoka kwenye kamera. Siku moja mwanao atataka kujua ulikuwaje. Ziweke mbali na wakwe zako, na nakala nyingine ninayo mimi."

"Nikija kukwambia uzing'arishe?"

"Nitakufukuza."

Binti alicheka, kisha kicheko kikaisha. "Na nikija kukwambia uzifute?"

Jicho alitazama juu ya kaunta, pale ukutani palipobaki msumari mtupu.

"Hapo utanikuta nimefunga mlango," alisema. "Weka mkono hapa, tuone kama sikukosea."

Akauweka.