Mama Bado Yuko Hewani

Mwaka juzi dada yangu alijifungua mtoto wa kwanza huko Toronto, na mama akaamua kwenda kumtunza mzazi. Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Kiingereza hakijui, na Kiswahili chake anakichanganya na Kikurya. Nilimpandisha basi hapa Tarime, shangazi akampokea Dar es Salaam, na kesho yake jioni akanipigia kusema kwamba ameshamfikisha uwanja wa ndege na mama ameingia ndani.

Baba alikuwa amekuja kutoka kijijini Busawe kukaa nami Turwa, hapa mjini, maana kule kwake mtandao ni wa kubahatisha. Akaniuliza huko mama anakokwenda ni mbali kiasi gani. Nikatafuta kwenye simu, nikamsomea: kutoka Dar es Salaam hadi Toronto ni kilomita elfu kumi na mbili na zaidi, ndege inachukua kama saa kumi na tano. Baba, ambaye ujanani aliswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Ikoma hadi Tarime, alihesabu saa kwa vidole. Kisha akasema basi kesho asubuhi mama atakuwa ameshafika.

Asubuhi tukasubiri. Simu ya mama haikupatikana, ya dada iliita bila kupokelewa. Uji wa baba ulipoa mezani. Alitoka mpaka getini, akarudi, akatoka tena. Nilimwona mama mawazoni amekaa mahali, mkoba kifuani, watu wanampita na hana wa kumuuliza neno.

Mchana, chakula kikiwa hakijaguswa, dada akapiga. Sauti yake ilikuwa ya usingizi, kwao ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha. Nikamuuliza mama yuko wapi.

"Mama bado yuko hewani," alisema. "Si alipitia Doha? Alilala pale uwanjani, ndege ya pili imeondoka leo asubuhi."

Nikakaa. Zile saa nilizomsomea baba zilikuwa za ndege inayoruka moja kwa moja, na ndege ya namna hiyo haipo. Habari za Doha hatukuwa nazo: dada alidhani shangazi ametueleza, na shangazi alidhani tumeshaambiwa na dada.

Dada akaendelea. Kule Doha mama alikuwa amekaa peke yake akiomba Mungu kwa sauti ndogo, kwa Kikurya. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya usafi akasimama kusikiliza. Kumbe naye ni Mkurya, wa upande wa Kenya, ng'ambo tu ya mpaka pale Sirari. Alimtafutia pa kujinyoosha, akampigia dada kwa simu yake mwenyewe, na asubuhi akamsindikiza mpaka mlango wa kuingilia ndege, kisha akamtumia dada ujumbe.

Baba akaomba simu. Nilidhani atauliza mama atafika lini. Akauliza yule mwanamke ni wa ukoo gani.

Dada hakujua. Baba alicheka, akanirudishia simu, akavuta sahani ya ugali karibu na kuanza kula.

Kesho yake tulimwona mama kwenye simu, kitambaa kichwani, macho mazito ya usingizi. Baba alimuuliza safari ilikuwaje.

"Nimechoka kukaa tu," mama alisema, kisha akaielekeza simu kwa mtoto.