Chai Niliyoiacha Ipoe Newala

Chai iliyopoa nimeinywa sana, kwa hiyo asije mtu akadhani mimi ni wa kuchagua. Nilipokuwa nabeba magunia ya korosho pale Masasi, tulipikiwa chai asubuhi kwenye sufuria kubwa, tukaja kuinywa jua likiwa utosini, ina utando juu na sisimizi wawili watatu. Unawapuliza pembeni, unakunywa, unarudi kwenye gunia. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini nyumba ya tofali ninayo, mashine ya kusaga ninayo, na hakuna aliyenishika mkono. Wanangu leo chai ikikaa kidogo wanaimwaga uani. Nawaangalia tu.

Siku ile Newala niliiacha chai makusudi, ikiwa ya moto, mbele ya watu, na nusura nimvunjie mpwa wangu nyumba yake.

Mpwa wangu huyo ni binti wa marehemu dada yangu. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na likitokea shauri anayesimama ni mjomba. Baba anaweza kuwepo, akakaa, akasikiliza, lakini neno ni la mjomba. Mimi ndiye niliyemwoza Newala, kwa hiyo alipofukuzwa alikuja kwangu.

Hakupigwa, tuseme ukweli. Alikwenda msibani Lukuledi, akaaga siku tatu, akakaa sita, na simu hakupiga. Ilikuwa wiki ya kupulizia salfa mikorosho, mumewe yuko peke yake shambani na mashine mgongoni. Aliporudi alikuta begi lake limewekwa barazani, zipu imefungwa, na viatu vyake viwili juu ya begi. Mumewe akamwambia, "Rudi huko ulikokuwa." Basi. Akafika Masasi jioni ile ile, ana mimba ya miezi mitano, akaniamkia na kukaa chini bila kuvua kanga ya safari.

Wiki tatu alikaa kwangu. Nikapiga simu kwa mjomba wa mumewe, maana na wao ni hivyo hivyo, mwenye neno ni mjomba. Tukapanga siku.

Gari lilipoanza kupanda mlima kuingia Newala, mpwa wangu akanigusa mkono.

"Mjomba."

"Naam."

"Mimi nataka nyumba yangu."

"Nimesikia."

"Nasema hivi kwa sababu nakujua. Ukishaanza huwa hurudi nyuma."

Nikamwambia, "Begi lako walilitoa wao. Watasema kwa vinywa vyao kwamba walikosea. Wakisema, unabaki. Wasiposema, tunashuka wote leo leo, na huyo mtoto atazaliwa kwangu."

Aligeukia dirishani mpaka tukafika.

Ulikuwa mwezi wa nane, na Newala mwezi wa nane ina upepo ambao mtu wa Masasi hauzoei. Unaingia shingoni. Tulikuta viti vimepangwa barazani. Mama mkwe wa mpwa wangu akatupokea, akanipa shikamoo nikaitikia marahaba. Kijana mwenyewe, yaani mume, alikaa kwenye kigoda karibu na nguzo, bado ana salfa ya njano masikioni. Mjomba wake, ndugu wa yule mama, alikaa kiti cha kunikabili. Ni mzee mwembamba wa kofia, ana macho ya mtu aliyekwisha kuamua. Tukasalimiana, tukaulizana mvua na afya.

Yule mama akaleta chupa ya chai ya tangawizi na sahani ya mihogo ya kuchemsha. Akanimiminia mimi. Akammiminia kaka yake. Halafu akamimina kikombe cha tatu akamwekea mpwa wangu mbele yake, akasema, "Karibu chai."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Miaka minne pale barazani mpwa wangu ndiye aliyekuwa anaikamata hiyo chupa. Leo anawekewa kikombe kama mgeni aliyepita njia. Nikamwona anavyokitazama kile kikombe, mikono yake ameificha ndani ya kanga.

Mimi nililelewa na bibi, na bibi alinifunza jambo moja ambalo sijawahi kulivunja: ukienda kwa watu na shauri, huonji kitu chao mpaka wenyewe wafungue mazungumzo. Ukinywa kabla, umeshakubali kwamba hakuna kilichoharibika. Nikaweka mikono magotini.

"Karibuni chai," akasema yule mzee.

"Tumekaribia."

Akapiga funda moja. Akaweka kikombe chini. Akaangalia barabarani.

Nikasubiri afungue. Hakufungua. Kikombe changu kilikuwa kinatoa moshi, upepo ukauchukua. Baadaye moshi ukaisha. Alipita mtu na baiskeli, akatusalimia wote kwa pamoja, tukamwitikia wote kwa pamoja. Moyoni nikasema, huyu ananidharau. Ameona suruali yangu na vumbi la safari akadhani nimekuja kuomba.

"Chai inapoa, mkwe," akasema.

"Naiona."

"Au huku kwetu mnaogopa vikombe?"

"Kikombe sikiogopi. Nasubiri."

"Na mimi nasubiri," akasema, akakunja mikono.

Sijui tulikaa muda gani. Najua jua lilihama kutoka kwenye ngazi likafika kwenye viatu vyangu. Kijana alikuwa anachimba sakafu kwa kijiti. Mpwa wangu hakuinua uso. Ndani ya kichwa changu nilikuwa nimeshapiga hesabu ya gari la kurudi, na nilikuwa nahesabu watu wawili.

Aliyetoboa ni yule mama. Alisimama mlangoni, kiganja kiunoni, akaniambia bila kupaza sauti, "Kaka, huyu anakusubiri unywe. Hapa kwetu mtu akikaa na kikombe bila kukigusa tunajua amekuja kugombana, hatufungui neno naye. Na wewe nakuona unasubiri yeye afungue ndipo unywe. Mtakaa hapo mpaka korosho zianguke."

Tukaangaliana mimi na yule mzee. Kumbe kila mmoja alikuwa anashika adabu ya kwao. Mtu mwenye akili hapo angecheka, akachukua kikombe, yakaisha. Lakini mimi sikucheka na yeye hakucheka. Kabla hatujajua ilikuwa adabu. Baada ya kujua ikawa nani ataanza. Nikinywa sasa, nimeshindwa. Akiongea sasa, ameshindwa. Na tena nikinywa nitakuwa nimeshindwa kwa chai baridi, mbele ya kijana aliyemtolea mpwa wangu begi nje.

"Hii imeshapoa," nikasema. "Siwezi kunywa chai iliyopoa."

Uongo mtupu. Nimeshawaambia.

"Basi imwageni," akasema yule mzee. "Wamiminiwe nyingine."

"Nyingine ipi?" dada yake akamuuliza. "Chupa imekwisha. Bomba halijatoa tangu Jumatatu, na pipa la mvua ukiligonga linalia kama ngoma. Maji ya chai hiyo nimeyabeba kutoka kwa jirani, kichwani, na goti hili." Akanigeukia. "Nyie Masasi maji mnayo hapo hapo uani, ndiyo maana mnaweza kukaa mkaiangalia chai inavyopoa."

Lilinipata. Mimi nimekua kijiji ambacho maji yalikuwa karibu, sijui kubeba ndoo kupanda mlima. Nikatafuta la kujibu, nikakosa, na mtu wa aina yangu akikosa la kujibu anasimama. Nikashika mikono ya kiti ili nisimame. Mpwa wangu akaniona. Alijua nikishasimama sikai tena.

Akasimama yeye kwanza.

Alichukua kikombe changu, akachukua chake, akachukua na kile cha yule mzee ambacho kilikuwa kimebaki nusu. Akavipanga kwenye sinia. Hakumtazama mtu. Akashuka ngazi akaelekea jikoni, kile kibanda cha pembeni, mlango wake unaonekana vizuri kutoka barazani.

Nataka mnielewe. Mwanamke aliyetolewa begi haingii jiko la watu kabla hajarudishwa kwa maneno. Yule mama angesema tu, "Acha, nitafanya mwenyewe," kwa upole kabisa, na shauri lingekuwa limekwisha pale. Hata mimi nisingekuwa na la kudai. Mpwa wangu alikuwa amelichukua neno mdomoni mwangu akaenda kulitia jikoni kwao, bila kuniuliza.

Yule mama akamfuata. Polepole, na goti lake. Akasimama mlangoni mwa jiko akiwa ametugeuzia mgongo. Kijana aliacha kijiti. Nilisikia chai inamiminwa kwenye sufuria, kikombe cha kwanza, cha pili, kisha ile nusu. Yule mzee alikuwa amefumba macho.

"Hiyo sufuria inavuja," tukasikia yule mama anasema. "Chukua ile ya juu."

Kijana akainuka bila kuambiwa, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kuni.

Tukabaki wazee wawili barazani, hatuna hata vikombe.

"Mpwa wako ana kichwa kigumu," akasema.

"Kakitoa kwa mama yake."

"Kwa mama yake tu?"

Nikakung'uta vumbi la suruali.

Chai ilirudi nyeusi kama dawa. Imechemka mara mbili, tangawizi imekuwa kali, sukari ameongeza mpaka imezidi. Mpwa wangu akapiga goti akanipa kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Karibu, Mjomba." Sauti ile ile waliyomkaribishia yeye. Sasa mgeni ni mimi. Mtoto niliyemlisha mwenyewe ananikaribisha kwao, nikatae vipi? Nikanywa. Nilikunywa kabla ya neno, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikaungua ulimi.

Yule mzee akasubiri nimeze. Kisha akakohoa akafungua.

"Lile begi lilitolewa kwa hasira."

"Na nani?" nikauliza.

"Nimesema kwa hasira."

"Hasira haina mikono, mkwe. Begi lilitolewa na mtu, na huyo mtu yuko hapa."

Kijana akainamisha kichwa. Nilikuwa na maneno mengine, mazuri zaidi, nilikuwa nimeyapanga wiki tatu. Nikamtazama mpwa wangu ili aone mjomba wake anavyofanya kazi. Alikuwa ananitazama yeye tayari, sinia kifuani, ananitikisia kichwa. Kidogo sana, mara moja.

Nikafunga mdomo.

Yeye akasema, "Mimi nilikosea kutopiga simu." Mumewe akasema, "Na mimi," halafu hakumalizia, na hakuna aliyemlazimisha amalizie. Mjomba wake akasema mambo ya mikorosho, na mimi nikasema yangu ya mvua. Mihogo tuliila baridi.

Neno nililolifuata Newala sikulipata, na mpaka leo hawajalisema. Kila nikimwona yule mzee kwenye misiba, nalikumbuka.

Wakati wa kuondoka, begi lilikuwa limeshaingizwa ndani, sikuona na nani. Nikasimama njiani nikaita, anisindikize stendi kama anavyonisindikiza siku zote.

Akajibu kutoka jikoni, hata uso hakutoa nje. "Nenda salama, Mjomba. Nina vyombo."

Nikasimama kidogo, labda atatoka. Nilisikia vikombe vinagongana kwenye beseni, na yule mama anamwambia asimalize maji. Nikaenda stendi peke yangu.