Mtoto Aliyesoma Akiwa Amesimama

Mwaka huo darasa langu la gredi ya nne lilikuwa na mtoto mmoja ambaye kiti kilimuuma. Sijui niseme vipi vizuri zaidi. Alikuwa msichana mwembamba, sare ikiwa kubwa kumliko, na kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni alikuwa ameshafika dirishani, amerudi, amegusa begi la mwenzake, amechonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa. Nilimwambia akae chini mpaka sauti yangu ikanichosha mwenyewe. Mimi si mtu mpole. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimenuna, na sijawahi kumpinga.

Shule yetu ni ya serikali, iko chini kidogo ya Loresho, mtaa wa matajiri wenye kuta ndefu, na wengi wa watoto wetu ni wa watu wanaofanya kazi ndani ya zile kuta: wapishi, walinzi, watunza bustani. Katikati ya muhula mwalimu mkuu aliniita ofisini. Si mtu mbaya, ila anapenda shule iwe kimya. Akaniambia ameshazungumza na mama wa yule mtoto. Muhula ukifungwa kama hajatulia, arudishwe ushago, kijijini kwao, akakae na nyanya yake.

"Hata mama yake amekubali," akasema. "Amechoka kuitwa hapa."

Nilitoka nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani. Nyanya mwenyewe, nilivyosikia, alikuwa haoni vizuri. Yule mtoto hapa duniani alikuwa na mama yake tu.

Wakati huo kila Jumamosi nilikuwa nasoma kozi ya walimu katikati ya jiji, kwenye jumba moja la ghorofa, juu ya duka la simu. Tulifundishwa utafiti wa darasani: mwalimu mwenyewe analichunguza tatizo la darasa lake, anajaribu kitu, anaangalia kama kimesaidia, kisha anajaribu tena. Mhadhiri alituambia shida yetu walimu ni kwamba tunakimbilia kutibu kabla hatujatazama. Tukitoka, wenzangu walikuwa wakienda kunywa chai pamoja. Mimi nilisema nina haraka. Haraka ya nini, jamani? Nilikuwa naenda kufungua bedsita yangu ya chumba kimoja Kangemi na kuwasha redio ili kuwe na mtu anaongea. Nilikuwa nimeishi Nairobi miaka mingi na bado sikuwa na mtu wa kuniuliza kama nimefika.

Basi nikaamua kumtazama. Niliacha kumkemea, na kila aliponyanyuka nikachora mstari mdogo wa chaki kwenye mlango wa kabati la vitabu, na jioni nikaihesabu yote na kuifuta. Walimu wenzangu waliona wakacheka. "Mtafiti wetu, ukipata dawa utuletee, hata sisi tuko na wetu." Niliwaacha wacheke. Nilidhani ningemwona akiikimbia hesabu, kwa sababu hata mimi ningeikimbia. Wapi! Alinyanyuka hata tukisoma hadithi anazozipenda. Kitu kimoja tu kilijitokeza. Jumatatu asubuhi mistari ilijaa mlango mzima, na kufikia Ijumaa ilikuwa imepungua. Nikajiuliza wikendi huyu mtoto huwa anakaa vipi.

Nikaenda kwao. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa nyumbani huko Loresho, na walilala kwenye chumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba kubwa. Nilimkuta anapiga pasi. Akanikaribisha kwa sauti ya chini sana, nikadhani koo linamuuma. Kumbe ndivyo wanavyoongea huko. Mwenye nyumba hapendi kelele, akanieleza. Mtoto alikubaliwa kwa sharti hilo, na yeye mama alishukuru, kwa sababu waajiri wengi hawataki kusikia habari ya mtoto kabisa. Slipa zao zilikuwa zimeachwa mlangoni, maana zikivaliwa zinapiga sakafu.

Mtoto alikuwa ameketi kitandani, mikono ameibana katikati ya mapaja, hatingishi hata mguu. Sikumtambua.

"Ticha, mimi hushangaa mkiniita," mama yake akaninong'oneza. "Huyu ni mtulivu sana. Wageni wakija kwa nyumba kubwa huwezi hata jua kuna mtoto hapa."

Nilikunywa chai yake nikinong'ona na mimi, mtu mzima mwenye sauti ya kusimamisha paredi. Nilirudi Kangemi kwa miguu. Nilipofungua mlango, siku hiyo sikuwasha redio. Nilikaa kitandani, mikono mapajani, nikasikia jirani anakaanga vitunguu. Ukimya ule niliujua. Tofauti ni kwamba mimi hakuna aliyeniamuru, na nililia kidogo kwa sababu hiyo.

Lile kabati la vitabu lilifika kifuani mwa mtoto. Nikalisukuma hadi nyuma ya darasa, nikamwambia awe anaandikia pale juu akiwa amesimama, na akitaka kutembea atembee papo hapo nyuma. Nikampa na kazi ya kugawa vitabu na kufuta ubao. Hakugeuka malaika. Alimwaga maji, alikata kamba ya pazia, alibishana. Lakini akiwa pale kwenye kabati, akihamisha uzito mguu huu na huu, kalamu yake ilienda. Wenzake wakataka kusimama pia, tukawa tunapeana zamu. Siku moja alinisomea ukurasa mzima akiyumba, na alipomaliza akauliza kama kuna mwingine.

Wiki za mwisho nikamwomba mwalimu mkuu aje ajionee mwenyewe. Akakubali. Nikamwambia mtoto, "Kesho mwalimu mkuu anakuja kukuona. Usiogope." Nilidhani nimemtayarisha.

Kesho yake aliingia mapema, nywele zimesukwa upya. Mwalimu mkuu alipoketi karibu na mlango, yule mtoto akaenda moja kwa moja kwenye kiti. Akakaa. Mikono katikati ya mapaja. Nikamwonyesha kabati kwa macho, akatikisa kichwa kidogo. Nikamuuliza swali ambalo jana yake alilijibu kabla sijalimaliza, akatazama magoti yake. Somo zima hakuandika neno. Mgeni alikuwa amekuja, na yeye alikuwa akinifanyia jambo jema kuliko yote aliyofundishwa.

Kipindi kilipoisha mwalimu mkuu alisimama akitabasamu. "Hongera, mwalimu. Umemtuliza. Huyu abaki."

Ndicho nilichokuwa nakitafuta muhula mzima. Ningesema asante tu, mambo yaishe. Lakini nilimtazama pale kitini, nikaona kwamba nikinyamaza, atakuwa amepata mahali pengine pa kukaa vile.

"Bwana mkuu, leo hajasoma kitu," nikasema. "Amekuona wewe ni mgeni." Nikamgeukia mtoto. "Nenda kwa kabati unisomee."

Alimtazama mwalimu mkuu, akanitazama mimi. "Ticha, nitapiga kelele."

"Piga."

Akaenda. Akaanza kwa sauti ndogo, halafu mguu mmoja ukaanza, na wa pili, viatu vikigonga sakafu, na sauti ikapanda mpaka ikatoka dirishani. Mwalimu mkuu alisikiliza hadi mwisho, lile tabasamu likiwa limepotea. "Kumbe anasoma," akasema, akatoka. Jioni aliniambia mtoto abaki na kabati lake, ila lisionekane kutoka njiani, wageni wasije wakauliza.

Siku ya kufunga shule alibaki kunisaidia kufuta ubao. Wenzake walikuwa wamekwenda, na uwanja ulikuwa mtupu.

"Ticha, likizo wewe hukaa na nani?"

"Peke yangu."

"Hakuna mtu mwingine kwa nyumba? Hata mmoja?"

"Hakuna."

Akaacha kufuta. "Kwa hivyo unaweza ruka ruka?"

"Naweza."

"Na uimbe kwa nguvu?"

"Nikitaka."

"Na hufanyangi?"

Nilifikiria. "Hapana," nikamwambia. "Sijawahi."

Alinitazama kwa muda mrefu, kwa huruma kabisa, kisha akarudi kufuta ubao.