Kompyuta Nyepesi Niliyoibeba Ilinizuia Kumzika Baba

Mhariri, naomba jina langu lisitoke, wala la kampuni. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita. Mke wangu na watoto wetu wanne wako nyumbani, upande wa Kakamega. Shule niliishia darasa la sita. Huu ni mwaka wa saba nafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huku Marereni, na mingi ya miaka hiyo nimeimaliza nikishika sepeto huku maji ya chumvi yakinila miguu.

Mwaka juzi aliletwa injinia kijana kutoka Nairobi. Alikuja na kompyuta ya kubeba, nyembamba, haizidi ukubwa wa sinia dogo la chai. Humo huweka vipimo vya ukali wa maji ya kila bwawa, nayo humwambia ni lini yafunguliwe kwenda bwawa linalofuata. Alinichagua mimi niibebe, nikatoka kwenye sepeto. Rafiki yangu Charo, Mgiriama niliyekuwa nikichota naye chumvi, akaanza kuniita mume wa kompyuta. "Mume wa kompyuta, shemeji yetu ameamkaje?" huniuliza kila asubuhi, na watu hucheka.

Nitaisema mashine kwa haki, maana yenyewe haijanikosea. Ni nyepesi, unatembea nayo juu ya matuta kutwa na bega halikuumi. Haitaki umeme, inakula betri nne ndogo. Ukiiwasha inaamka papo hapo, na hesabu iliyokuwa ikimchukua karani asubuhi nzima inaitoa kabla hujafuta jasho. Lakini jua la saa saba likiipiga, kioo chake kinakuwa cheusi husomi kitu, ndipo mimi huikinga kwa mgongo wangu. Tumbo lake pia ni dogo, kila jioni lazima vipimo vihamishiwe kwenye kaseti. Na adui yake mkubwa ni vumbi la chumvi. Linaingia chini ya herufi, linavuta unyevu, herufi zinakwama. Tangu mwanzo nilikuwa naipangusa kila saa kwa kitambaa chenye maji matamu kidogo, kisha nachokoa vumbi kwa unyoya wa kuku. Hakuna aliyenituma. Injinia alipokuwa akiwaambia watu kwamba mashine ni imara, hakujua uimara wenyewe ni ule unyoya.

Siku moja alininyooshea kidole mbele ya wageni akasema, "Uzuri wake, hata huyu ambaye hakusoma anaibeba. Mtu yeyote anaweza."

Mwezi wa tatu nikapata telegramu kwamba baba amefariki. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini, na mtoto huyo ni mimi. Nikamwomba injinia siku kumi.

"Nani ataibeba kompyuta?"

"Charo. Nimekwisha mwonyesha."

"Charo ataitumbukiza majini. Wewe ndiye unayeijua."

"Bwana, ni baba yangu."

"Marehemu hana haraka," akasema, hata uso hakuinua. "Utaenda mwezi wa nane."

Kuondoka bila ruhusa ni kurudi ukute kazi ina mtu mwingine. Nikabaki. Mdogo wangu akatupa udongo mahali pangu, kisha akaniandikia: "Wazee wanauliza ni mashine gani hiyo isiyoweza kukaa siku kumi bila wewe. Wengine wanasema ni redio."

Sasa wakubwa watakuja kutoka Mombasa mwisho wa mwezi ujao, waamue kama wanunue sita kama hii au zile nzito za mezani. Meneja wetu, mzee wa Mambrui, aliniita ofisini. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeishi nayo. Siku hiyo utasimama utaje uzuri wake na ubaya wake. Usimpendelee mtu."

Zikinunuliwa, injinia atapandishwa cheo awe mkubwa wa mashamba yote. Tangu ajue nitaulizwa amekuwa mpole. Alinishika bega akasema, "Ndugu yangu, uiseme vizuri. Na ile likizo yako, chukua hata wiki mbili." Likizo ya kwenda kutazama kaburi lililokwisha ota majani.

Tangu siku hiyo sijaipangusa. Unyoya nimeutupa. Herufi mbili zimeanza kukwama, naye anazigonga kwa kidole huku akizitukana betri. Sitawadanganya, nasikia raha. Nikimwona anatoka jasho, chakula kinashuka vizuri. Wala siogopi kuwaandikia, kwa sababu gazeti la Kiswahili hasomi, anasema ni la wapishi.

Kinachonisumbua ni Charo. Mashine sita zitawatoa watu sita kwenye sepeto, na meneja amekwisha mwandika yeye wa kwanza. Juzi akaniuliza, "Mume wa kompyuta, mbona siku hizi mkeo humwogeshi?" Nikamweleza. Kicheko kikakatika. Akavua kiatu cha mpira akanionyesha mguu, katikati ya vidole nyama tupu.

"Injinia hakanyagi maji," akasema. "Huyo unayemlipizia kisasi ni mimi."

Hatujasemezana tena.

Wasomaji, bado kuna muda. Nikianza leo kuisafisha, itapona. Je, niiache ile chumvi iendelee kuila, izimike mikononi mwa injinia mbele ya wakubwa? Au niiponye, nisimame niseme kweli kwamba ni nzuri, Charo atoke majini, na mtu aliyeninyima kumzika baba yangu apande cheo kwa mdomo wangu? Msiniandikie kwamba nisamehe, hilo nimeambiwa kanisani. Niambieni ninyi mngefanya lipi, kama aliyezikwa bila ninyi angekuwa baba yenu.