Fyuzi Kumi za Sendofu

Mimi ni mpambaji wa kumbi hapa Bariadi, na mpaka leo sijaunguza ukumbi wa mtu. Hilo namshukuru mwanamke mmoja wa Tanga, fundi wa pampu za maji aliyehamishiwa huku kikazi. Siku niliyokutana naye nilimchukia kwa kama nusu saa hivi.

Ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa mkulima wa pamba kutoka Ipililo. Binti alikuwa nesi mjini, na huyo fundi alikuwa jirani yake wa nyumba moja. Nilikuwa nimeagiza taa mpya kutoka Mwanza, kamba kumi za vitaa vidogo, kila kitaa kikibadilisha rangi peke yake, hata ukitaka mvua ya mwanga inyeshe nyuma ya kiti cha binti, inanyesha. Nilizifunga kwenye fremu ya chuma, nikatandaza kitambaa cheupe mbele yake, nikawasha. Kamba za mwanzo zilikuwa nyeupe, za mwisho zina rangi ya chai ya maziwa. Umeme ulikuwa unachoka njiani. Nikachukua waya mwembamba wa spika, nikauvuta kutoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti tano, mpaka kule mwisho. Zote zikawa nyeupe. Nikajiona fundi.

Baadaye kidogo yule mama wa Tanga aliingia na beseni la kachori. Alisimama mlangoni akanusa.

"Dada, kuna waya unaungua humu."

"Ni rangi ya fremu hiyo," nilimjibu.

Aliweka beseni chini, akaenda moja kwa moja ukutani, akachomoa plagi bila kuniuliza. Kisha akaniita nyuma ya kitambaa. Mguu wa fremu ulikuwa umeubana ule waya wa spika hadi nyuzi zake mbili zikagusana. Ganda lake lilikuwa limeyeyuka urefu wa mkono mzima, na kitambaa kilikuwa na tundu la kahawia.

"Fyuzi iko wapi?" aliuliza.

"Kwenye plagi."

"Hiyo inalinda upande wa ukutani. Huku kwenye taa analinda nani?"

"Lakini ni volti tano tu. Nazishika kwa mikono, hazirushi."

"Hazikurushi, ila zinaunguza. Soma hapa." Alinionyesha maandishi ubavuni mwa kisanduku: ampea sitini. "Hiki hakijui kuwa waya umebanwa. Kinaona kama umeongeza taa, kinaendelea kulisha tu. Waya ndio unaokufa."

Alitaka nifumue kazi yote. Wageni wangeanza kufika saa kumi, nami nilikuwa nimeanza kumjibu vibaya, ndipo baba wa binti akaingia.

"Mwadila, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwadila, baba."

Alilitazama lile tundu. Kisha akauliza mama zake binti watakaa wapi. Nilimwonyesha viti vilivyopangwa hatua moja tu kutoka kwenye kitambaa. Alianza kuvisogeza kimoja kimoja, na hasira yangu ikaisha hapo hapo.

Nilipanda bodaboda hadi duka la spea za magari, nikarudi na waya mnene na fyuzi kumi za ampea tano, zile bapa za kuchomeka, pamoja na vishikio vyake. Tuliipa kila kamba waya wake na fyuzi yake, na fyuzi zote zikakaa karibu kabisa na kisanduku. Yule mama alinieleza kwamba fyuzi ukiiweka mbali, kile kipande cha kabla yake kinabaki bila mlinzi. Nilimuuliza kama fyuzi kubwa zaidi zisingetupunguzia usumbufu.

"Zitakaa kimya, ndiyo," alisema, "na waya utaungua zikiwa kimya vilevile."

Tulimaliza ndugu wa kwanza wakishuka kwenye gari.

Katikati ya sherehe, shangazi walipokuwa wakiingiza zawadi kwa kucheza, mtu alisukuma spika ili wapite. Kamba ya mwisho, kushoto, ikazima. Zile tisa ziliendelea na mvua yao. Nilikimbilia nyuma. Ukingo wa spika ulikuwa umekata ganda la waya na nyuzi zikagusana, lakini waya haukuwa na joto wala harufu. Fyuzi moja tu ilikuwa imekatika.

Niliiacha hivyo mpaka mwisho. Baba wa binti pekee ndiye aliyeuliza.

"Kona ile imezima, mayu."

"Imezima vizuri, baba," nilimwambia, nikamweleza.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja. Wabeja sana."

Nilimwambia shukrani hizo ampelekee mama wa Tanga, na nilimwona akienda kweli, akiinama kumsemesha kwa sababu ya kelele za muziki.

Yule fundi wa Tanga alishahamishwa tena. Kwa muda mrefu nilikuwa nampigia kila nikipata taa za aina mpya, naye anapokea hata akiwa kwenye kibanda cha pampu, tunapigiana kelele. Wiki iliyopita nilimpigia bila swali lolote la umeme. Tuliongea juu ya magoti ya mama yake mpaka salio langu likaisha, akanipigia yeye.