Ng'ombe Wawili, Zizi Moja

Mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru wa Kongo, mwalimu Marcellin wa Sange alishindwa kuwaeleza wanafunzi wake jinsi atomu zinavyoshikana. Alikuwa amechora ubaoni nukta mbili katikati ya herufi mbili, kama alivyofundisha mkemia Mmarekani aitwaye Lewis: kila atomu inatoa elektroni moja, kisha kila atomu inazihesabu zote mbili kuwa zake. Darasa lilimkodolea macho.

Akawapeleka nyuma ya nyumba yake. Zizini walikuwamo ng'ombe wake mmoja na ng'ombe mmoja wa jirani yake Nyirabahizi, mjane aliyeteremka kutoka milimani. Waliwachunga pamoja na kugawana maziwa.

"Ng'ombe ya mwalimu iko ngapi?"

"Mbili!"

"Na ya Mama Nyirabahizi?"

"Mbili!"

"Ndani iko ngapi?"

"Mbili!"

"Basi mumoja wenu ni mwizi," alisema Habonimana, mtundu wa darasa. Nyirabahizi, aliyekuwa akisikiliza kando, alicheka mpaka akaketi chini.

"Na moja ikipotea, mwalimu?" akauliza mwanafunzi mwingine.

Hata elektroni moja, alisema Marcellin, yaweza kushika atomu mbili. Ila kwa udhaifu.

Uasi dhidi ya serikali ulipofika Sange, miaka mitatu baadaye, vijana wenye bunduki waliingia zizini wakitafuta ng'ombe wa watu wa milimani.

"Ya huyu mama ni gani?"

Marcellin alijua kwamba akimnyooshea kidole ng'ombe wa mjane tu, ng'ombe wake mwenyewe atapona.

"Zote mbili ni zangu," akasema.

Nyirabahizi aliona mtutu ukimgeukia mwalimu. Akaogopa wasije wakamuua kwa uongo wake.

"Hapana. Zote ni zangu mimi."

"Muko wazimu wote wawili!" alifoka mkubwa wao, akamfunga kamba ng'ombe aliyekuwa karibu na mlango, wakaondoka naye. Alikuwa wa Marcellin.

Asubuhi Nyirabahizi alibisha hodi, kibuyu cha maziwa mkononi.

"Mama, sasa hii ni yako peke yako," Marcellin alisema. "Yangu wameipeleka."

"Si weye ulifundisha watoto ile hesabu? Leta chombo."

Akaleta sufuria. Nyirabahizi akammiminia nusu, akachungulia kilichobaki kibuyuni, akaona amejipendelea. Akaongeza kidogo.